Ol Pejeta kwa macho ya mfugaji wa Tana

Mama yangu alizaliwa upande wa Garsen, katika jamii ya Waorma, na mpaka alipoolewa akaletwa Mombasa maisha yake yalikuwa ng'ombe. Akisimama mbali na zizi anaweza kukuambia yupi jana hakushiba. Wanangu wanamjua kama Nyanya wa Kisauni, anayepika wali wa nazi na kukagua madaftari yao. Ng'ombe wake kwao walikuwa hadithi za kulalia. Tulipopanga kwenda Ol Pejeta, hifadhi ya wanyamapori kule Laikipia, likizo ya Agosti 2023, mimi na mke wangu tulikubaliana jambo moja kabla ya mengine yote: mama anakwenda. Ndugu zangu waliona ni kumtesa mzee, kumtoa pwani hadi chini ya Mlima Kenya. Yeye mwenyewe aliuliza swali moja tu, kama huko kuna ng'ombe. Nikamwambia wako, tena maelfu. Akaanza kufunga mzigo.

Familia nyingi za kwetu huziona hifadhi kama mahali pa wageni wenye kofia pana na kamera ndefu. Na zile zinazokwenda, mara nyingi huenda kuhesabu: simba kaonekana, tembo kaonekana, twende nyumbani. Mimi naamini sisi tuliozaliwa huku tuna njia nyingine ya kuingia, na kwetu njia hiyo ilifunguliwa na mama.

Kwanza baridi, maana wapwani hatusikii mpaka itupate. Nanyuki iko kwenye mstari wa ikweta kabisa, na mtu wa Mombasa akisikia ikweta anafikiria joto. Mji uko juu karibu mita 1,900. Alfajiri ya Agosti watoto walivaa soksi mikononi, na mama alijifunga leso mbili juu ya sweta. Ukienda na wazee au watoto wadogo, beba nguo nzito kuliko unavyodhani, na chai kwenye chupa. Tulikodi gari la paa la kufunguka pamoja na dereva pale Nanyuki, na langoni tukamchukua mwongozaji wa hifadhi. Raia wa Kenya hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni, kwa hiyo fedha tulizookoa tuliona heri ziende kwa mwongozaji. Sijutii hata shilingi. Bila yeye tungeona wanyama. Pamoja naye tuliona jinsi mahali penyewe panavyoendeshwa.

Ol Pejeta ina ukubwa wa takriban eka 90,000, katikati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Kwa miongo mingi ilikuwa ranchi ya ng'ombe. Mwaka 1988 sehemu yake ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyamapori ya Sweetwaters, na mwaka 2004 ardhi yote ikanunuliwa na shirika la Fauna & Flora International kwa msaada wa fedha za Arcus Foundation. Lakini ng'ombe hawakuondolewa. Hilo ndilo linaloitofautisha na mbuga za taifa nilizowahi kuzisikia, ambako mfugo ukionekana ni kesi.

Asubuhi ile redio ya dereva ililia: simba wameonekana upande wa mto. Kijana wangu wa miaka tisa akasimama kwenye kiti. Dereva alishaanza kugeuza gari, mama akasema, "Ngoja kwanza, mwanangu. Wale si ng'ombe?" Kweli, mbele yetu palikuwa na kundi la ng'ombe weupe na wa hudhurungi, wenye nundu, wakila majani, na katikati yao punda milia wamejichanganya kama jirani na jirani. Pembeni swala. Mchungaji amesimama na fimbo yake mabegani. Simba wakasubiri.

Mwongozaji aliomba ruhusa kwa redio, tukaruhusiwa kushuka karibu na boma lao. Yule mchungaji alikuwa Mborana wa Isiolo. Mama akamsalimia kwa Kiorma, yeye akaitikia kwa Kiborana, na lugha hizi mbili ni mtu na binamu yake. Sijamwona mama akizungumza hivyo tangu utoto wangu. Sisi wengine tulisimama tu, mwongozaji akitutafsiria kile alichokielewa na mama akitupa kipande kwa Kiswahili pale alipokumbuka kwamba tupo.

Ng'ombe wale ni wa aina ya Boran, asili yao ni wafugaji wa Borana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Waorma wa Tana nao wana tawi lao la Boran, na linasifika kwa kustahimili maradhi ya mbung'o kuliko ndugu zao wa ranchi. Mama aliwasifu wale wa Laikipia kwa miili yao, lakini alimwambia mchungaji wazi kwamba akiwapeleka Garsen msimu wa mbung'o hawatafika mwezi. Mzee yule alicheka akakubali.

Boma lenyewe lilimshangaza. Halikuwa la miiba. Lilikuwa la vipande vya vyuma vinavyounganishwa na kufunguliwa, na watu kadhaa wanaweza kulihamisha. Usiku ng'ombe huingizwa humo, simba na fisi wasiwafikie. Baada ya muda boma linahamishiwa pengine, na pale lilipokuwa panabaki samadi nene. Mvua ikinyesha panaota nyasi laini zenye rutuba kuliko za pembeni, na swala, punda milia na nyati huja kula hapo kwa miaka. Mwongozaji alituonyesha duara moja la kijani lililokuwa boma zamani. Ukilijua, unaanza kuyaona kila mahali. Kisha kuna kupe. Ng'ombe hupitishwa kwenye dawa mara kwa mara, na kwa kuwa wanatembea nyasi zilezile wanazotembea wanyamapori, kupe huwapanda wao, wakafa kwa dawa. Kwa hiyo ng'ombe wanamfyonzea punda milia kupe wake.

Mama alisikiliza yote haya, akasema kwao Tana wazee walijua kwamba zizi la zamani ndilo malisho ya kesho. Kilichokuwa kipya kwake ni chuma. Maarifa yenyewe alikuwa nayo tangu msichana, na binti yangu mkubwa, mwenye miaka kumi na tatu, aliandika maneno yake kwenye daftari kama anavyoandika ya mwalimu. Kwa hilo pekee safari ilikuwa imelipa.

Simba tuliwaona baadaye, wamelala, matumbo juu. Watoto waliwatazama kwa muda, wakashiba. Waliokaa akilini mwao ni wadogo zaidi.

Sehemu kubwa ya Ol Pejeta, kwenye udongo mweusi wa kunata, kuna aina ya mgunga mfupi wenye miiba mirefu na vinundu vyeusi vilivyovimba chini ya miiba. Vinundu vina vitundu, na upepo ukipita vinapiga mbinja. Tulizima gari tukasikiliza. Ndani ya vinundu huishi sisimizi, na sisimizi hao ndio askari wa mti. Tembo akinyoosha mkonga kuvunja tawi, wanamtokea kwa mamia na kumuuma ndani ya mkonga, akaacha. Mwongozaji aligonga tawi moja kwa kijiti, na kabla hajahesabu tatu gome lilikuwa limejaa. Kijana wangu alisahau simba papo hapo.

Halafu tukapelekwa mahali pengine, si mbali, ambako migunga ilikuwa imevunjwavunjwa na kulala. Huko wameingia sisimizi wengine, wageni, wenye vichwa vikubwa, ambao husafiri na bidhaa na udongo wa watu. Wanawaua wale wenyeji, wanakula mayai yao, lakini mti hawaulindi. Tembo wanajua. Mwongozaji alituambia watafiti wamekuwa wakilifuatilia jambo hilo pale kwa miaka. Januari 2024 matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Science, mtafiti wa kwanza akiwa Mkenya, Douglas Kamaru. Walikofika sisimizi wageni, tembo walivunja miti mara tano hadi saba zaidi. Miti ikipungua, simba anakosa pa kujificha kumvizia punda milia. Mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya windo la simba. Kufikia 2020 wameshuka hadi asilimia 42, na nyati, ambao mwanzoni hawakuwamo kabisa, wamepanda hadi asilimia 42. Sisimizi mdogo kuliko punje ya mtama amembadilishia simba chakula. Nilipomsomea kijana wangu habari ile alisema yeye alishaijua tangu Agosti, na hakika alikuwa ameijua nusu yake.

Kwa hiyo kama una watoto, nakushauri usikimbizane na redio. Simama mahali pamoja, zima gari, uliza. Mtoto wa miaka tisa hachoki na sisimizi. Anachoka na kuendeshwa. Kitinda mimba wetu, wa miaka minne, alilala saa za jua kali kwenye mapaja ya mama yake, nasi tukala mahamri na mbaazi tulizobeba kwenye eneo la mapumziko, kisha tukaendelea saa tisa alasiri baridi ya jioni ilipoanza kurudi. Familia haihitaji kufanya siku nzima mfululizo.

Siku iliyofuata ilikuwa ya vifaru. Nadhani wengi wanajua majina: Najin na Fatu, mama na binti, vifaru weupe wa kaskazini wa mwisho duniani. Walikuwa wanyama wa nchi za jirani zetu: Uganda, Chad, Sudan, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na Garamba huko Kongo, ambako waliobaki porini walimalizwa na majangili mwanzoni mwa karne hii. Desemba 2009 waliletwa wanne Ol Pejeta kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki, kwa matumaini kwamba mazingira ya Afrika yatawafanya wazae. Dume mmoja, Suni, alikufa 2014. Sudan, dume wa mwisho, alikufa tarehe 19 Machi 2018.

Kabla ya kuwafikia tulifundishwa kutofautisha. Kifaru mweupe na mweusi wote ni wa rangi ya kijivu, usitazame ngozi. Tazama mdomo: mweupe ana mdomo mpana wa kukata nyasi kama ng'ombe, mweusi ana mdomo wenye ncha inayoshika matawi. Na ukimwona mama na ndama, kwa mweupe ndama hutangulia, kwa mweusi ndama hufuata nyuma. Binti yangu alifaulu mtihani huo mara ya kwanza tulipokutana na kifaru mweusi na ndama wake vichakani, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Najin na Fatu wanaishi katika eneo la eka 700 lenye uzio wa umeme, walinzi wakiwa nao usiku na mchana. Pembe zao zimekatwa ili kupunguza tamaa ya jangili. Wana mwenzao wa jamii ya kusini, Tauwo, aliyewekwa hapo ili wale waliokulia bustanini wajifunze tabia za porini. Tulikaa ndani ya gari, wao wakila mbele yetu. Harufu yao ilikuwa ya ng'ombe safi aliyeshinda juani.

Mama aliwatazama bila kusema. Halafu akamwambia mtunzaji, "Huyu mkubwa miguu yake ya nyuma inamsumbua." Mtunzaji akageuka kumtazama vizuri. Akamwuliza, mama, umejuaje? Ni kweli: Najin, aliyezaliwa 1989, ana udhaifu wa miguu ya nyuma, na ndiyo sababu mojawapo hawezi kubeba mimba. Fatu, wa mwaka 2000, ana tatizo la mfuko wa uzazi. Mama alikuwa ameona namna anavyougeuza uzito anaposimama.

Kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya wafugaji wawili. Mtunzaji alieleza kwamba mayai ya Fatu huvunwa na kupelekwa maabara ya Cremona, Italia, yakarutubishwa kwa mbegu za madume waliokufa, zilizogandishwa. Najin aliachwa apumzike mwaka 2021, kwa umri wake. Viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, vinahifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, na siku moja vitapandikizwa kwa jike wa kusini abebe mimba isiyo yake. Mama aliuliza maswali ambayo mimi nisingeyafikiria. Huyo jike anachaguliwaje? Amewahi kuzaa au ni wa kwanza? Ndama akizaliwa, nani atamfundisha? Mtunzaji alijibu kwamba hilo la mwisho ndilo linalowapa haraka: wanataka ndama azaliwe Najin na Fatu wakiwa hai, ajifunze kutoka kwao kuwa kifaru wa kaskazini. Mama akaitikia kwa kichwa. Ndama wa kunyonyeshwa na mtu, alisema, hukua hajui kundi.

Nimefikiria sana kwa nini dakika zile zilinigusa kuliko kitu kingine chochote. Tumezoea kuambiwa kwamba uhifadhi ni elimu ya kuletewa, na mfugaji ndiye anayeharibu. Pale nilimwona mfugaji na mhifadhi wakizungumza kazi moja kwa istilahi moja, na hakuna aliyekuwa akimfunza mwenziwe. Nataka wanangu wakue wakijua hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo sikutaka watoto walikose, nalo halimo kwenye ubao wowote niliouona langoni. Laikipia ilikuwa malisho ya Wamaasai. Kwa mkataba wa 1911 serikali ya kikoloni iliwahamisha kusini ili kuwapisha walowezi, na kesi waliyoifungua ilitupwa mwaka 1913. Ranchi zote kubwa za huko zimekaa juu ya historia hiyo. Nilimwuliza mwongozaji, naye hakukwepa. Alisema majirani wengi wanaikumbuka, na kwamba hifadhi isiyosaidia shule, maji na malisho ya majirani zake haitadumu. Binti yangu aliandika hilo pia.

Kituo cha sokwe kilitupita haraka, kwa sababu mdogo alikuwa amechoka. Kilianzishwa 1993, na sokwe wa kwanza walitoka Burundi vita vilipowakuta. Kenya yenyewe haina sokwe wa asili. Tulisimuliwa habari za Poco, aliyefungiwa Bujumbura kwa miaka katika kizimba kidogo kilichotundikwa kuvutia wateja, hata akazoea kutembea wima kama mtu. Mke wangu alilia. Ukienda na watoto, jiandae kuwajibu.

Na makaburi. Chini ya mti mmoja kuna mawe, kila jiwe na jina la kifaru na jinsi alivyokufa. Wengi ni risasi. Miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Mwisho wa miaka ya 1980 hawakufika 400. Sensa ya 2021 iliwakuta 897. Mimi na mama tulisoma kila jiwe, na watoto tukawaacha wasome kwa mwendo wao.

Tuliporudi Mombasa daftari la binti yangu liliendelea kujaa. Januari 2024, mwezi uleule wa habari za sisimizi, wanasayansi walitangaza kwamba kwa mara ya kwanza mimba ya kifaru kwa kiinitete cha maabara ilikuwa imeshika, palepale Ol Pejeta. Kiinitete kilikuwa cha jamii ya kusini, kwa jaribio. Lakini jike aliyebeba mimba hiyo alikufa Novemba 2023, baada ya mvua kubwa kufukua vijidudu vya klostridia vilivyolala ardhini. Ndani yake walikuta kijusi dume cha siku 70, chenye urefu wa sentimita 6.4.

Binti yangu alimsomea nyanya yake jikoni. Mama aliweka kisu chini. Novemba hiyohiyo Tana ilikuwa imefurika na jamaa zetu wa Garsen walikuwa wamehamia sehemu za juu. Akasema mafuriko yakipita, udongo hutoa maradhi yaliyozikwa zamani. Kwao ng'ombe hawarudishwi kwenye malisho yale haraka, na siku hizi huchanjwa kwanza dhidi ya chambavu. Binti akatafuta kwenye simu, akakuta chambavu ni ugonjwa wa klostridia.

"Nyanya, ni jamii moja!"

"Basi waulize," mama akasema, "hao jike wengine watawalisha wapi mvua ijayo." Binti yangu amekwisha kuandika barua, kwa Kiswahili, na mama ameweka sharti kwamba likizo ijayo ya Agosti aketi dirishani.